Mshika Mnyororo wa Nyuma

Kansas, 1855

"Mnyororo huu haufungi mtu," alisema Bwana Haskew
tulipovuka mto Missouri,
"huu ni wa kupimia nchi."
Akacheka peke yake.

Viungo mia moja. Navihesabu hata usingizini.
Anselm, kijana wa Kijerumani, ameshika pete ya mbele,
mimi ya nyuma.
Yeye dola moja kwa siku, nami dola moja,
ila yangu huvuka mto kila Jumamosi
kurudi mfukoni mwa Pruett aliyenikodisha.

Asubuhi ya kwanza dira iligoma.
Sindano ilitikisika kama pua ya panya,
ikaiacha kaskazini, ikanigeukia mimi.
Haskew akaigonga, akaipuliza, akaifuta kwa shati,
mwisho akatazama chini, kwenye kifundo cha mguu wangu.
"Chuma hicho kinatupotezea kaskazini."
Basi. Si dhambi, si haki.
Wakaleta patasi na nyundo,
nikawa huru kwa ajili ya sindano,
kuanzia kifundoni kwenda chini.

Nyasi za mwaka jana, kavu, zafika kifuani.
Viungo mia, kijiti. Viungo mia, kijiti.
Minyororo themanini ni maili.
Kwenye pembe tunachimbia kigingi,
na Haskew anaandika kitabuni:
*Udongo, daraja la kwanza. Miti, michache. Maji yapo.*

Hakuandika matofaa ya Ketura, mjane wa Kishawnee,
ingawa mstari ulipita katikati yake,
saba huku, manane kule.
Ketura alisimama na ndoo tupu mkononi.
"Kule Ohio walipima hivihivi," aliniambia.
"Nilikuwa mtoto. Nilidhani wanatafuta
kitu kilichowapotea."

Mwezi wa tatu walivuka wanaume wa Missouri,
mikokoteni kwa mikokoteni, bunduki, mapipa ya wiski,
kila koti na kishada cha katani kifuani, iwe alama yao.
Katani, Vainy.
Nilitazama vile vishada, vilivyochanwa vikalainika,
nikajiuliza ni kipi kilipita mikononi mwako.
Walilala usiku mmoja, wakapiga kura
kwamba nchi hii iwe ya watumwa,
wakarudi kwao kabla chai haijapoa.

Mimi nimeikanyaga kiungo kwa kiungo.
Najua panapotitia, panapolala nyoka,
mahali ambapo mawe yanatoa maji ukiyahamisha.
Hakuna aliyeniuliza.
Wangeniulizaje? Mimi ndiye swali,
na swali haliombwi maoni.

Usiku Anselm alinong'ona,
"Kuna wengine waja kutoka mashariki, nao wana bunduki.
Patachimbika hapa."
Nikamwambia tumekwisha kuchimba,
mashimo ya vigingi yapo, wachague.

Sasa sikia, Vainy, maana barua sijui kuandika,
na anayejua kuniandikia ndiye nisiyetaka asome.
Mnyororo ukifanya kazi hurefuka.
Pete husagana, unywele kwa unywele.
Ndiyo sababu kila Jumatatu hupimwa
kwa ufito wa shaba ulio sandukuni.
Kazi hiyo Haskew aliniachia, mgongo unamsumbua.
Nikaulaza, nikaunyoosha, nikaona:
umezidi upana wa kiganja changu.
"Uko sawa, Bwana," nikasema.

Kiganja mara themanini.
Ndani ya kila maili waliyoiandika
mna hatua kumi hivi ambazo hazimo kitabuni.
Hazina daraja la udongo.
Hazikuuzwa, hazikupigiwa kura upande wowote.
Nimezitawanya toka mtoni hadi vilima vya mawe,
nyembamba, kama nyufa za sakafu.

Ukipata usiku wa giza, na mto ukiwa chini,
vuka, upite humo.
Usiniulize ziko wapi hasa.
Hata mimi sijui,
na wao hawajui kwamba hawajui.